Kipimo cha maziwa kilinipa cheo Kisondela, kisha kikaniumbua mbele ya foleni

Wakuu, heshima yenu. Nawasalimu kutoka Rungwe, mvua imetufungia ndani tangu asubuhi, nikaona badala ya kubishana na watu kwenye jukwaa la mpira nitubu dhambi zangu huku.

Ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa kijiweni. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wahusika wote tunaonana kila asubuhi na mmoja wao ndiye anayenipikia. Sitaki kulala njaa kwa ajili ya uzi.

Mimi ni kijana wa Tukuyu mjini. Nilisoma cheti cha mifugo, nikakaa nyumbani karibu miaka miwili nikiandika barua za kuomba kazi mpaka mama akaanza kuniuliza kama nina bifu na waajiri. Mwisho nikapata nafasi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, Kisondela.

Kwa wasioijua huku kwetu: karibu kila nyumba ina ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, wamefungwa bandani nyuma ya migomba. Asubuhi wakulima wanaleta maziwa kituoni, wengine kwa miguu na ndoo kichwani, wengine keni imefungwa kwenye bodaboda. Mimi napima, nikiridhika namimina kwenye tenki la kupoozea. Saa nne gari la kiwanda linakuja kubeba.

Sasa nakuja kwenye kifaa chenyewe.

Kinaitwa laktomita. Ni kichupa cha kioo, shingo nyembamba yenye namba, tumbo nene, na chini kabisa kuna vipira vya risasi vya kukipa uzito. Unamimina maziwa kwenye mrija mrefu, unakitumbukiza, kinaelea. Maziwa mazito kinakaa juu na kusoma namba kubwa. Maziwa yaliyotiwa maji ni mepesi, kinazama na namba inakuwa ndogo. Kituoni kwetu kuanzia 28 hadi 32 napokea. Chini ya hapo, chukua keni yako rudi nyumbani.

Wakuu, nisiwadanganye, kile kidude kilinipanda kichwani.

Nilikuwa nakiweka mfuko wa shati, shingo inachungulia nje, natembea nacho hadi gengeni kununua vocha. Watu wakaanza kuniita Daktari. Sikuwakataza hata mmoja.

Foleni ikiwa ndefu nilikuwa nakitumbukiza taratibu, nainama, nafumba jicho moja, nanyamaza. Watu thelathini wananiangalia usoni. Halafu ndiyo nasema, "Pita." Raha yake sijui niifananishe na nini.

Wiki ya tatu ndipo nikamkosea Mzee Ambakisye.

Huyu ni mzee wa kanisa, mtaratibu, anakaa hatua chache tu kutoka kituoni. Mwanzo alikuwa anaacha foleni ipungue ndipo anakuja, ila wiki hiyo akaanza kuwa wa kwanza kila siku. Anakamua, anafunika, anavuka barabara, amefika. Siku hiyo nikatumbukiza kidude kwenye maziwa yake, kikashuka mpaka 25.

Nikarudia. 25.

Mtu mwenye busara angemvuta mzee pembeni. Mimi nikapandisha sauti ili hata wa nyuma wasikose:

"Mzee, leo ng'ombe kanywa maji mengi, au kuna mtu kamsaidia kuyanywa?"

Foleni ikacheka. Mzee alifunika keni yake, akaiinua, akavuka barabara. Mgongo wake ninaukumbuka mpaka leo.

Kesho yake akaja tena, 25 tena, nikamrudisha tena. Safari hii sikutania, lakini haikuwa na haja, foleni ilishaanza kutania yenyewe.

Saa nne ya siku hiyo gari la kiwanda likaja na Dada Salma. Huyu ni mtaalamu wa maabara, binti wa Tukuyu mjini, familia yao wana duka la vitenge pale sokoni. Mpole, haongei sana, ila akikuangalia unajikagua kama umefunga zipu. Nikamsimulia kwa mbwembwe jinsi nilivyomnasa mzee wa kanisa.

Akaniuliza, "Ulipima joto?"

"Joto la nini, dada?"

Akaniangalia kama trafiki anavyomwangalia bodaboda aliyevaa helmeti kwenye kiwiko.

Kumbe, wakuu, hicho kidude kimetengenezwa kusoma maziwa yaliyopoa. Maziwa yakitoka tu kwenye chuchu yana joto la mwili wa ng'ombe, na yakiwa ya moto yanakuwa mepesi, kidude kinazama, namba inashuka hata kama hakuna tone la maji. Chuoni tulifundishwa. Mimi siku hiyo sijui nilikuwa nawaza nini, nadhani chakula.

Wengine wote walikuwa wanatoka mbali, maziwa yanapoa njiani na hili baridi letu. Mzee Ambakisye alikuwa anavuka barabara tu.

Salma akaniagiza nikachukue maziwa ya mzee, tukaweka kopo kwenye ndoo ya maji baridi, tukasubiri. Tukapima. 29.

Jioni nikaenda kwa mzee. Tukakaa sebuleni wawili tu, akanipa chai, nikaeleza kosa langu, nikaomba radhi. Akasema, "Yameisha, mwanangu." Nikatoka pale mwepesi kama karatasi, najisifia moyoni kwamba mimi kweli muungwana.

Sasa nije nilikopanga. Nimepanga chumba kwa Bibi Tupoki, mjane, ana ng'ombe wawili, na ni dada yake Mzee Ambakisye, tumbo moja. Bibi ni mchangamfu, Kinyakyusa kimemkaa ulimini, maziwa kwake ni "masiwa". Ndiye ananipikia. Tangu siku ya kaka yake alikuwa ananijibu salamu kwa kifupi, mimi nikajua ni mafua.

Baada ya sakata hilo mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji akasema wanachama wana haki ya kukielewa kidude. Akaitisha kikao, nikapewa nafasi.

Wakuu, nilifundisha! Nilivaa koti jeupe, tena nililipiga pasi. Nikaeleza habari ya joto, lakini juujuu, bila kutaja jina la mtu. Kisha nikaingia kwenye utamu wenyewe: maji yanafanya namba ishuke. Na mafuta ya maziwa, ile krimu inayoelea juu, ni mepesi, kwa hiyo ukiyaengua maziwa yanabaki mazito na namba inapanda.

Bibi Tupoki akanyoosha mkono.

"Daktari, ukiengua krimu namba inapanda?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ukitia maji inashuka?"

"Kabisa, Bibi."

"Ukifanya yote mawili?"

Nikacheka, nikajibu kwa confidence ya mtu mwenye koti jeupe: "Hapo Bibi kidude hakina la kusema! Kitakaa palepale katikati, kitaona maziwa safi."

Ukumbi mzima tukacheka. Akina mama walicheka zaidi ya wote. Bibi akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana, akakaa chini akitengeneza kanga yake.

Najua wengine mmeshafika mbele ya uzi. Nivumilieni, mimi ilinichukua miezi miwili.

Wiki iliyofuata chai yangu ya asubuhi ikabadilika. Mwanzo ilikuwa chai na viazi. Sasa ikawa chai nzito, ndizi mbalaga zimekaangwa kwa samli mpaka pembeni zimekuwa rangi ya kahawia, na juu yake kijiko kingine cha samli. Salamu za Bibi nazo zikarudi kuwa ndefu. Nikajua nimesamehewa.

Nikanenepa, wakuu. Mkanda niliongeza tundu kwa msumari.

Na siyo mimi peke yangu. Kisondela yote ilikuwa inanukia samli. Ukipita njiani asubuhi, kila jiko lina harufu ile. Watoto ngozi zinang'aa. Mama mmoja alinipa mkono wa salamu, nikashindwa kufungua keni inayofuata jinsi vidole vilivyokuwa vinateleza. Nikamwambia rafiki yangu kwenye simu kwamba huku maisha yamepanda, wananchi wanakula vizuri.

Kituoni mambo yalikuwa shwari kuliko siku zote. Kila keni 29. 30. 29. Hakuna ninayemrudisha. Nikajua somo langu limewaingia.

Kweli liliwaingia.

Asubuhi moja Dada Salma akaja bila taarifa, mapema, foleni ikiwa imejaa. Alikuwa na mashine ndogo ya betri inayosoma mafuta kwenye maziwa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba maziwa ya Kisondela yakifika kiwandani yanakutwa yamepungua mafuta, jibini haishiki, na bosi amesema likiendelea kwa wiki moja zaidi gari halitapita tena huku.

Nikapiga hesabu. Gari lisipopita, zaidi ya nyumba mia zinamwaga maziwa. Na mimi narudi kwa mama kuandika barua.

Tukaanza keni moja moja. Mimi kidude, yeye mashine.

Kidude 29, safi. Mashine: mafuta chini.

Kidude 30, safi. Mashine: mafuta chini, na maji yameongezwa.

Kidude 29. Mashine vilevile.

Keni ya kumi Salma akasimama, akaniuliza, "Ng'ombe wa huku wamefunga?"

Keni moja tu ndiyo ilipita bila doa, mafuta tele, maji hakuna. Ya Mzee Ambakisye. Akavuka barabara yake bila kutuangalia.

Bado sikuelewa, wakuu. Naapa. Nilikuwa nafikiria majani, nafikiria minyoo.

Katikati ya hayo Bibi Tupoki akafika na sahani yangu ya asubuhi, kama kawaida yake siku za foleni ndefu. Akaiweka mezani, akafunua, akaondoka. Samli inametameta juu ya ndizi.

Salma akaiangalia ile sahani. Akaangalia foleni. Akaangalia mashavu yangu.

"Hii samli inatoka wapi?"

"Kwa Bibi."

"Na maziwa ya Bibi yanaenda wapi?"

"Yanakuja hapa..."

Nikakumbuka koti jeupe, nikakumbuka mkono wa Bibi hewani. Salma alijifanya anakohoa, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Foleni ilipoisha nikaenda nyumbani mbio. Nilikuwa na hasira ya kweli. Bibi nilimkuta jikoni ameketi kwenye kigoda, kibuyu kimelala mapajani, anakitikisa taratibu ili krimu igeuke siagi. Aliniona na hakukificha.

"Bibi, umenifanyia nini?"

"Nimefanya ulichotufundisha. Masiwa ya jioni nayaacha kwenye sufuria usiku kucha. Asubuhi naengua, nafidia kwa maji, nachanganya na ya asubuhi. Maji yenyewe nayachemsha, usiogope."

"Na wengine wote?"

"Waliniuliza, nikawaonyesha. Kitu kizuri hakifichwi."

Nikamwambia kuhusu gari la kiwanda. Kibuyu kikasimama. Hapo nikaona kwamba hilo hakulijua, uso ulibadilika.

"Kwa nini, Bibi? Una shida gani ya samli kiasi hicho?"

Akakiweka kibuyu chini, akasema, na utani haukuwemo tena:

"Kaka yangu ulimwita mwizi mbele ya foleni. Msamaha ukampelekea sebuleni. Foleni ilisikia saa ngapi? Kanisani watoto bado wanamwita Mzee Maji. Yeye amenyamaza, ndivyo alivyo. Mimi nikasema, huyu kijana anakiamini kioo chake kuliko watu. Ngoja kioo kimdanganye na yeye."

Wakuu, nilikuwa nimekuja kugomba. Nikavuta ndoo nikakaa. Mzee Maji! Miezi miwili mtu anaitwa hivyo kwa sababu ya mzaha wangu mmoja, na mimi nakula ndizi za dada yake nikijua yameisha.

Nilikuwa na njia rahisi. Salma alishaniachia karatasi yenye majibu ya kila keni. Ningeipeleka kwa mwenyekiti, akina mama wangesimamishwa, mimi ningebaki Daktari. Niliikunja nikaiweka mfukoni, nikaitoa, nikaikunja tena. Mwisho niliisukumia jikoni kwa Bibi, kwenye moto. Aliiangalia mpaka ikawa majivu.

Asubuhi iliyofuata foleni ilipojaa nikapanda juu ya kreti.

Nikasema yote. Kwamba Mzee Ambakisye hakuwahi kutia maji hata tone, kwamba maziwa yake yalikuwa ya moto, kwamba mjinga nilikuwa mimi niliyesoma na nikasahau kupima joto. Nikamgeukia pale alipokuwa amesimama wa kwanza: "Mzee wangu, nilikuaibisha mbele ya watu hawa, nakuomba radhi mbele ya watu hawa hawa."

Kisha nikaeleza habari ya kiwanda, bila jina la mtu. Nikasema ya jana siyaulizi, ila kuanzia leo krimu ibaki kwenye keni, la sivyo sote tumekwisha.

Akina mama wanaangalia miguu. Bibi Tupoki akajitokeza mbele, keni mkononi.

"Mimi ndiye nilianzisha. Msitafute mwingine."

Mwenyekiti akafungua mdomo, lakini Mzee Ambakisye akainua mkono. Akasafisha koo vile wanavyosafisha kabla ya kusoma matangazo ya kanisa.

"Msamaha wa kijana nimeupokea. Ila mzee wa kanisa asikae na jambo moyoni. Hiyo samli dada yangu alikuwa ananiletea kikombe kila Jumapili. Nilijua inatoka wapi. Nilikuwa naila."

Wakuu, foleni ililipuka. Mtu alikaa chini kabisa kwenye matope. Hata Mzee mwenyewe alishindwa, akageuza uso akacheka akiangalia migomba. Nilicheka mpaka nikateremka kwenye kreti kabla sijaanguka.

Ndani ya siku nne mafuta yalirudi, Salma akapima akaridhika, gari linapita mpaka leo. Jina la Mzee Maji lilikufa siku ileile. Mimi sasa hivi chai yangu ni kwa viazi, na kipimajoto kimefungwa kwa kamba kwenye meza ya kituo ili kisiachwe hata siku moja.

Lakini hapo hawakuishia. Kikao kilichofuata kikaamua kuwe na mkaguzi wa keni kutoka kwa wanachama wenyewe, mtu asiyedanganyika. Mnadhani walimchagua nani?

Bibi Tupoki. Kwa kura zote. Na sasa anakaa pembeni yangu kila asubuhi, kiti chake kina mto.

Wiki yake ya kwanza tu, jamaa mmoja kaleta maziwa, kidude kimesoma 31. Mimi nikasema pita. Bibi akachovya kidole, akakilamba, akaangalia juu kidogo, akasema, "Haya yana unga." Jamaa akabisha kwa kiapo. Salma alipokuja akadondoshea iodini kwenye sampuli, ikageuka bluu palepale. Unga mtupu, wa kuyapa uzito maziwa yaliyotiwa maji.

Nilichojifunza, wakuu. Kifaa hakijui ukweli, kinajua kitu kimoja tu kilichotengenezwa kukisoma, na anayekishika asipojua mipaka yake basi anakuwa chombo cha kuumizia watu. La pili ndilo lililonigharimu zaidi: ukimwaibisha mtu hadharani, kumwomba radhi chumbani ni kujisafisha wewe, yeye bado mchafu mbele za watu.

Karibuni kwa maoni, matusi ya kistaarabu yanaruhusiwa. Wenye kazi za vipimo, mafundi betri, wauza asali, wapima mafuta ya magari, mlishawahi kudanganywa na kifaa chenu mkaaibika?

Na kama kuna anayejua mtu anautambuaje unga kwenye maziwa kwa ncha ya ulimi, aniandikie tafadhali. Bibi nimembembeleza wiki ya tatu sasa, amekataa kunifundisha. Anasema nikijua, nitavaa koti jeupe nikaisimulie foleni nzima.